Mgambo na Kaburi la Ng'ambo

Haya jamani, sogeeni! Nyie wa huko nyuma, njooni na vigoda vyenu. Wewe mwenye redio, izime kidogo, habari za dunia hazikimbii. Na wewe mama unayemenya ming'oko, endelea kumenya, masikio hayashiki kisu. Leo namsema mtu. Namsema Mgambo, yule wa getini, na mkiniona nacheka msinikemee. Mimi ni mtani wake. Ukoo wake na ukoo wangu tumetukanana tangu mababu, na mtani asipocheka msiba unakuwa kama mboga isiyo na chumvi. Ila mtu asiniulize amelala wapi sasa hivi. Naona kuna watu wa ofisi wamekaa hapa. Hilo tuliache.

Basi bwana. Mgambo alikuwa na koti la kaki lenye mifuko mingi, na mifuko yote haina kitu. Alikuwa na buti, ukizisikia zinakuja unadhani trekta limetoka Mtua limekosa breki. Filimbi yake akiipuliza, kuku wa Mbekenyera wanaacha kutaga wanauliza kuna nini. Na pua! Ukificha korosho moja ndani ya chupa, chupa ndani ya ndoo, ndoo ukaitumbukiza kisimani, yeye atasimama juu ya kisima apige chafya. Mimi nilikuwa na kibanda changu cha kuziba pancha palepale getini, kwa hiyo sisimuliwi, nilikuwa naona. Na nisipoona naongeza, hilo mnanijua.

Lakini kuna kitu watu walikuwa hawakioni. Walinda geti wote duniani wanakaa wakitazama njia. Yeye njia aliipa ubavu. Kiti chake kilitazama ng'ambo, kwenye mkorosho mmoja uliopinda kama bibi anayeokota sindano, na pembeni ya ule mkorosho kuna kaburi lenye msalaba wa mti. Kaburi la mkewe. Siku anamzika, kabla mambo hayajaharibika, aliwaambia wachimbaji, "Sogeeni upande ule kidogo. Hapa katikati acheni, hapa pangu." Wakasogea. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Alichokitaka duniani ni hicho tu, siku yake ikifika alazwe pale. Hakutaka ng'ombe, hakutaka bati, hakutaka pikipiki. Alitaka ile nafasi.

Na ile nafasi ikaenda nchi nyingine.

Mtaniuliza imeendaje. Tuliipeleka sisi, kwa mikono yetu hii. Sisi na wale wa Ng'ambo tulikuwa kijiji kimoja. Wazee wanasema zamani lori lilikuja likawakusanya huku na huku, likawamwaga pamoja, wakaambiwa haya, nyie sasa ni kitu kimoja. Tukazoeana. Tukaoana, tukaibiana kuku, tukasuluhishana. Kisima kimoja, zahanati moja, mashine ya kusaga moja, makaburi mamoja. Halafu ukaja ugomvi wa ghala jipya la korosho, lijengwe upande gani. Likajengwa kule. Tukasema, aah, tumedharauliwa! Tunajitoa! Mkutano ule nyie, kura ya kunyoosha mikono, watu walinyoosha mikono miwili miwili, kuna mmoja alilala chini akanyoosha na miguu. Tukapita. Tukanywa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, siku ile mpaka mabibo yakaisha mtini, tukaanza kuwaangalia popo kwa wivu. Sisi tukaandikwa Ruangwa, wao wakabaki Nachingwea, kila mtu na wilaya yake.

Asubuhi tukaamka na kiu. Kisima kiko kule.

Mtu anaumwa, zahanati iko kule. Unataka kusaga muhogo, mashine iko kule. Tulichobakiwa nacho sisi ni uhuru na nusu ya uwanja wa mpira, kwa sababu watu wa ardhi walipopima, mstari wao ulikata uwanja katikati. Goli moja huku, goli moja huko. Timu yetu ikitaka kushambulia inaomba ruhusa. Sisi wenyewe tulicheka mwanzoni. Baadaye wanawake wakawa wanapanga foleni kule kisimani, wao wa mwisho, baada ya wenyeji wote, na baada ya punda wao. Mjamzito akifika zahanati amejishika kiuno anaulizwa kwanza, "Wewe wa upande gani?" Hapo kicheko kikaanza kutukauka. Tulitaka kurudi? Tulitaka, tena tangu wiki ile ile! Lakini nani aanze kusema? Kila mtu alimtazama mwenzake aliyenyoosha mikono miwili.

Na geti lilikuja hivi. Ghala la kule lilikuwa linalipa wakulima mapema. Letu lilikuwa banda la makuti lenye kufuli. Watu wetu wakawa wanavusha korosho zao kwenda kule, ofisi yetu inabaki inahesabu panya. Wakaamua kuweka geti, mti wa kuinua na kushusha, na mwisho wa mti wakafunga kipande cha reli, ile reli ya karanga ya wakoloni iliyong'olewa ikaacha vyuma vyake kwenye majani. Ikatafutwa mtu wa kulinda. Hakuna aliyetaka. Nani akamkague shemeji yake? Mgambo akasimama peke yake, akasema, "Nipeni mimi." Tukamwona mpenda vyeo. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mtani, umepata kijiti cha kuinua, sasa utaoa upya." Akachukua kiti chake, akakiweka palepale, ubavu kwa njia.

Kazi aliifanya, tena kwa roho mbaya! Maneno yake yalikuwa machache. "Hapa ni hapa." Ukimlilia, ukimwambia shangazi yako yuko kule anakusubiri, anasema, "Kule ni kule." Basi. Alikagua bibi harusi, akamfunua shela, akamwambia mama mkwe, "Huyu ni mtu kweli, pita." Alikagua jogoo, akamminya firigisi, jogoo akataga.

Na mpaka wenyewe ulikuwa unapita kwenye mstari wa mikorosho ya zamani. Sasa korosho, wageni, haichumwi mtini, inaokotwa ikishaanguka. Mti umesimama hapa, tawi limetoka kwenda kule. Ya nani? Ikawekwa sheria, ilipoangukia ndipo kwake. Mama yangu! Watu wakaanza kufunga matawi kwa kamba, huku wanavuta, kule wanavuta, mkorosho unalia kama mlango. Upepo ukivuma kuelekea Ng'ambo watu wetu wanafunga mdomo kwa hasira, wakidhani wakipumua wanausaidia. Na Mgambo yuko chini ya mti na filimbi yake. Nilimwona kwa macho yangu akiipulizia filimbi korosho ikiwa bado hewani. Nikamwambia, "Mtani, imekusikia, inageuza." Akasema, "Ikikataa naikamata ikitua."

Siku moja tumekaa wawili, redio yake ndogo inasema. Ikasema kuna nchi moja ya wazungu nayo ilijitoa kwenye muungano wao, na sasa mpaka wa nchi kavu unawasumbua, hawajui waweke geti, wasiweke, wakague wapi, watu wa pande zote mbili ni ndugu. Mimi nikapiga makofi, nikasema, kumbe tuko wengi wajinga! Nikacheka mpaka kiraka kikanidondoka mkononi. Yeye hakucheka. Aliinama akasogeza sikio kwenye redio kama mtu anayepima homa ya mtoto. Habari ilipoisha akaniuliza, "Sasa hao, makaburi yao yamebaki upande gani?"

Nikamwambia, "Hawajasema."

Akasema, "Hilo ndilo wangesema kwanza."

Mimi ni mtani, kazi yangu kumkera, siku ile nilishindwa. Nikajifanya natafuta gundi.

Sasa niwaambie kwa nini alikuwa haendi. Maana watu wengine wa kwetu walikuwa wanavuka, kwa kubembeleza, kwa kuzunguka, kwa kujuana. Yeye tu ndiye alipigwa marufuku mguu wake kukanyaga kule. Na aliyeanzisha ni Mama Maandazi.

Mama Maandazi mnamjua. Kama humjui basi hujala. Mwanamke mpana, sauti ya kengele, ndoo ya maandazi kichwani, na chini ya maandazi korosho. Mgambo alimkamata mara nyingi mpaka wakawa kama mume na mke, kila siku ugomvi ule ule. Basi mwanamke akaona isiwe tabu. Siku moja mchana tunasikia nyimbo za msiba, zile za parokiani. Tunaangalia, msafara unakuja! Jeneza mabegani, kitambaa cheupe, msalaba mbele, na nyuma Mama Maandazi analia mpaka nzi wanamhurumia. "Mjomba wanguuu! Umetuachia naniii!" Mgambo akavua kofia. Akainua geti. Akaona wabebaji wanatetemeka miguu, marehemu alikuwa mzito mno, akaweka filimbi mfukoni, akaingiza bega lake mwenyewe, akasaidia kubeba mpaka mpakani! Na machozi yalimtoka, nilimwona. Msafara ukaenda zake. Yeye akabaki amesimama na kofia mkononi, anajifuta. Akainama kufunga kamba ya buti, akakuta kwenye buti kuna korosho moja imekaa inamtazama.

Mjomba alikuwa korosho tupu, jeneza zima.

Tulicheka Likunja, tulicheka Mbekenyera, nasikia hata hospitali wagonjwa walifunguka nyuzi. Watoto wakimwona wanaimba, "Mjomba wanguuu!" Ofisi wakamwita, wakamfokea. Akarudi amekauka. Akasema jeneza lingine halipiti hapa halijafunguliwa.

Na jeneza lingine likaja. Hilo halikuwa la mchezo. Mwenyekiti wa Ng'ambo, yule bwana mfupi wa baiskeli nyekundu, mama yake mzazi alikuwa amekuja kwetu kumsalimia binti yake, akafia huku. Wanamrudisha kwao kuzika. Jua la kiangazi, lile linalokausha mpaka kivuli. Wamefika getini, Mgambo amesimama.

"Fungueni."

Mwenyekiti akamwambia, "Mgambo, huyu ni mama yangu. Unamjua. Amekupa uji ukiwa mgonjwa."

"Namjua. Fungueni."

"Unataka nimfungue mama yangu juani, njiani, mbele ya wapita njia?"

"Basi asubiri. Nitume mtu ofisini waje wathibitishe."

Wakasubiri. Ofisini hakuna mtu, wote wameenda semina. Wakasubiri jamani. Wanawake wakashika kanga zao wakatengeneza kivuli juu ya jeneza, mikono inawachoka wanapokezana. Mimi nikaacha kuziba pancha. Nilitaka kusema neno la utani nilegeze mambo, kila nililolikamata lilikuwa limeoza. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akachukua nyundo, akang'oa misumari. Kifuniko kikasogea. Mama wa watu amelala, uso umeanza kubadilika.

Mgambo akavua kofia, akaitupa chini. Akainua geti, akaliacha juu siku nzima. Lakini ilikuwa imeshatokea. Mwenyekiti akapita bila kumtazama, akasimama upande wa pili, akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mguu wako usikanyage huku. Hata ukiwa mzima, hata ukiwa maiti."

Hilo la maiti ndilo lililomuua. Mengine yalikuwa magonjwa tu.

Tangu siku ile akawa anakaa anaangalia kaburi kama mtu anayeangalia chakula dirishani. Masika yakaja, majani yakapanda. Tulimwona anasimama juu ya kiti, halafu juu ya kipande cha reli, anatafuta ule msalaba, majani yameumeza. Hakuomba mtu. Atamwomba nani, amewakagua wote?

Halafu siku moja anapita Mama Maandazi, ndoo kichwani. Mgambo akaingiza mkono, akatoa korosho kiganja kizima. Mama Maandazi akajishika kiuno akisubiri kelele. Mgambo akazirudisha ndani ya ndoo, akasema polepole, anaangalia chini, "Pita. Ila pale kwenye mkorosho uliopinda… ukifika… ng'oa majani kidogo."

"Nini?"

"Majani. Kidogo tu. Upande wa kichwani."

Mama Maandazi alikaa kimya, mara ya kwanza tangu azaliwe. Akaenda. Tukamwona kwa mbali anaweka ndoo chini, anainama, makalio yake yanafunika kaburi na nusu ya wilaya. Aling'oa mpaka msalaba ukaonekana.

Ikawa ndio ushuru wa geti. Una gunia? Pita, lakini ng'oa majani. Una madumu ya uraka? Pita, mwagilia lile ua la pale kaburini. Vijana wa bodaboda wakibeba ufuta wanasimama pale wanafagia kwa matawi, pikipiki inanguruma. Nawaambieni, lile kaburi lilikuwa safi kuliko bwalo la mkuu wa wilaya! Ungeweza kuanika unga. Na kila aliyepalilia pale alikuwa mvushaji. Ofisi yetu ikawa inashangaa, mlinzi mkali vile, na korosho zinaisha tu kijijini. Mimi nilijua. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu mimi ni ugonjwa, nilivimba mashavu.

Nikamtania lakini. Nikamwambia, "Mtani, siku yako nakuzika mimi, nakufukia kwenye shimo la muhogo, kichwa chini." Watani ndio tunaochimba na ndio tunaotukana, mnajua mila yetu. Zamani angenijibu kwamba mimi nitazikwa kwenye mfuko wa mbolea. Siku hizo alinijibu, "Popote utakapochimba mtani, nilaze nikitazama kule." Sasa huo ni utani gani?

Na ngojeni niwape la bikoni, mnisikilize vizuri, hili halijulikani.

Watu wa ardhi waliacha bikoni, lile jiwe la saruji la kuonyesha mpaka, karibu na geti. Jiwe zuri, zito, bapa juu. Sasa ikaja harusi upande wetu, wamealikwa watu wa pande zote, sufuria ni kubwa, mama wa bibi harusi ana mafiga mawili, la tatu limepasuka. Akatazama huku, akatazama huku, akaliona bikoni. Akalichimbua, akalibeba, akaliweka jikoni. Serikali mbili zimebeba pilau! Mgambo anafika getini hakuna mpaka. Akafuata harufu. Akakuta mpaka unawaka moto chini ya sufuria. Akasimama pale akapuliza filimbi. Mama wa bibi harusi akamwambia, "Baba Mgambo, pilau imeiva, usitupigie kelele, kaa ule." Akasema yeye hali chakula akiwa kazini. Halafu akasema kwa kuwa sufuria iko juu ya mpaka lazima aikague. Akakagua sahani. Akakagua na ya pili.

Walipoipua, akalivingirisha jiwe kwenye gunia, la moto lile, akalitia begani. Nikamfuata, nina paja la kuku mkononi. Njia nyeupe, watu wote wako harusini. Tukafika pale kwenye shimo la bikoni, nikasema, haya tua. Hakutua. Akapita. Nikamwita, "Mtani! Umelewa? Umeshavuka!" Hakusikia. Akaenda na jiwe lake begani, moshi unamtoka kama gari bovu, akaenda mpaka kwenye mkorosho uliopinda, akapita kaburi, akasogea hatua chache mbele yake, ndipo akalitua.

Mkaelewa? Akilichimbia pale, kaburi liko kwetu. Nafasi yake iko kwetu. Nani angejua? Watu wa ardhi wakija lini tena? Nikamwambia, "Chimba, mtani! Nakuchimbia mimi!" Paja la kuku nikalitupa, mimi huyu, nikapiga magoti nikaanza kufukua kwa mikono.

Yeye akakaa kwenye ile nafasi yake. Akaweka mkono juu ya kaburi. Akaongea na mkewe, sikusikiliza, nasema kweli sikusikiliza, nilienda kukojoa mbali. Jua lilipoanza kulala nikarudi, nikakuta amesimama, jiwe liko tena begani.

"Unafanya nini sasa?"

"Nalirudisha."

"Mpumbavu wewe! Hata marehemu anakushangaa!"

"Nikilisogeza leo, mtani, kesho wao watalisogeza. Keshokutwa sisi. Mwisho kila mtu atalala amekumbatia jiwe." Halafu akasema, "Na nimeshawafungulia jeneza. Hata kaburi niwaibie?"

Akalirudisha. Akalichimbia palepale, akalishindilia kwa buti. Bega lake lilibaki na alama ya moto, hakuna aliyemuuliza.

Basi akaumwa. Kifua, halafu tumbo, halafu kila kitu. Tukampeleka hospitali ya misheni, wakamlaza, wakampima, mwisho wakatuambia mrudisheni nyumbani akapumzike. Nyie wote hapa mnajua neno hilo likisemwa hospitali maana yake nini. Alikonda mpaka koti likawa linavaliwa na mifuko. Akaniambia, "Mtani, nipeleke getini. Na mtume mtu amwite Mwenyekiti."

Nikampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, mwepesi kama gunia la makapi. Tukamkalisha kwenye kiti chake. Watu wakajaa, maana geti lilikuwa halina mtu siku nyingi, kila mmoja anapita na gunia lake wazi, wakasimama. Mama Maandazi naye yupo, ndoo kichwani. Kule ng'ambo Mwenyekiti akaja na baiskeli yake nyekundu, akasimama upande wake wa mti. Mti umeshushwa katikati yao.

"Mgambo."

"Mwenyekiti."

"Umekonda."

"Nawapunguzia wabebaji."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaangalia tairi lake. "Umeniitia nini?"

"Naomba sehemu. Pale. Haizidi mtu mmoja. Na mimi nimepungua, unaniona."

"Makaburi yale ni ya wakazi. Mlijitoa wenyewe. Mlinyoosha mikono."

"Nilinyoosha," akasema Mgambo. "Mmoja."

Tukainamisha vichwa sisi wa miwili.

Mwenyekiti akapapasa usukani wa baiskeli. Halafu akasema, na sauti yake ikawa inatafuta pa kukanyaga, "Siku ile, Mgambo. Mama yangu amelala hapa, palepale ulipoweka buti. Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia asubiri."

"Basi na wewe subiri."

Mgambo akainua uso. Macho yalikuwa makubwa kuliko uso wenyewe. Akasema, "Mwenyekiti, mimi ningeweza kusubiri, ningekuwa naumwa?"

Mwenyekiti akageuza baiskeli. Akaigeuza tena. Mkono uko kwenye mti wa geti, hauinui, hauondoki. Naona kabisa anataka, na naona yule mama yake kwenye jua anamshika shati. Mimi nikafungua mdomo, nikajiambia, sasa mtani, sasa ndio zamu yako, sema upuuzi wowote. Hakikutoka kitu. Mgambo akamwacha, akageuza shingo polepole akatazama mkorosho wake uliopinda, machozi yanashuka yanaingia kwenye mifuko ya koti, angalau ikapata kitu. Hata bodaboda ikazimwa.

Ndipo Mama Maandazi akatua ndoo chini, puu, akajishika kiuno, akaropoka:

"Nyie wanaume mnabishana nini? Akifa niiteni mimi! Nimepitisha jeneza la korosho hapa yeye akiwa ameyatoa macho yote mawili, nitashindwa kumpitisha mwenyewe akiwa kayafumba?"